Maisha ya Henri Poincaré, mutu wa hesabu aliyelipia kosa lake



Leo tutasoma maisha ya mutu mumoja wa hesabu. Wengine watasema: hesabu za kalasi zinatosha, juu ya nini kutuletea zingine hapa? Ngojeni kidogo. Mutu huyu alishinda zawadi ya mufalme kwa kazi iliyokuwa na kosa. Kosa lile alilivumbua yeye mwenyewe. Na alipolisahihisha, alikuta jambo ambalo wenye elimu hawakulitazamia: kitu kinaweza kufuata sheria bila kupotoka hata kidogo, na hata vile mutu hawezi kusema kitakuwa wapi nyuma ya siku nyingi.

1. Utoto wake

Henri Poincaré alizaliwa tarehe 29/4/1854 katika muji wa Nancy, mashariki ya Ufaransa. Baba yake, Léon, alikuwa munganga na profesa wa uganga katika universite ya kule. Alikuwa na dada mudogo, jina lake Aline. Alipokuwa na miaka mitano, ugonjwa wa dondakoo ulimushika vibaya. Kwa miezi mingi sauti ilikuwa imepotea na miguu haikuwa na nguvu. Mama yake alimufundisha nyumbani.

Masomoni macho yake yalikuwa mabaya, hakuona vizuri mambo yaliyoandikwa ubaoni. Basi alizoea kukaa kimya, kusikiliza, na kuweka yote kichwani. Alikuwa wa kwanza karibu katika kila somo, lakini kuchora kulimushinda kabisa. Mustari aliotaka unyoke ulipinda. Mukumbuke neno hili, litarudi mbele.

Mwaka 1870 vita ilianza kati ya Ufaransa na Prusia. Henri alikuwa na miaka 16. Alimusaidia baba yake kutunza askari waliojeruhiwa. Adui waliingia Nancy na kukaa humo. Henri alijifunza Kijerumani kusudi asome magazeti yao na kujua habari. Sisi wa Mbau hatuhitaji kuelezwa vita inafanya nini kwa masomo ya mutoto. Hata vile yeye aliendelea, na mwaka 1873 aliingia École Polytechnique ya Paris, akiwa wa kwanza kati ya wote waliofanya mutihani.

2. Enjenia wa migodi

Nyuma ya Polytechnique alisomea kazi ya migodi. Mwaka 1879 Serikali ilimutuma Vesoul kuchunguza migodi ya makaa. Hakukaa kule muda murefu, lakini mwaka ule ule gazi ililipuka ndani ya mugodi wa Magny, na wachimbaji zaidi ya kumi walikufa. Poincaré alishuka chini kutafuta sababu, na hatari ilikuwa ingali humo.

Taa za wachimbaji zilikuwa na wavu wa waya, wenye kuzuia moto wa taa usiguse gazi iliyo inje. Poincaré alikagua taa zile, akakuta moja yenye tundu. Tundu lile lilikuwa limetobolewa na ncha ya sururu. Mukono ulikosea kidogo tu, na nyumba nyingi zikabaki na kilio.

Mwaka ule vilevile alipata udaktari wa hesabu, akaanza kufundisha katika universite ya Caen. Mwaka 1881 aliitwa Paris, na mwaka ule alimuoa Louise Poulain d'Andecy. Walizaa watoto wane: wasichana watatu na kijana mumoja.

3. Zawadi ya mufalme

Oscar wa Pili, mufalme wa Uswidi na Norwe, alipenda hesabu. Alikuwa atafikisha miaka 60 tarehe 21/1/1889. Profesa Gösta Mittag-Leffler wa Stockholm alimupa shauri atoe zawadi kwa mutu atakayejibu swali moja kubwa la hesabu. Zawadi ilikuwa medali ya zahabu na krona 2500. Waamuzi walikuwa watatu: Mittag-Leffler mwenyewe, Weierstrass wa Berlin, na Hermite wa Paris.

Swali la kwanza lilikuwa hivi. Mwaka 1687 Newton alikuwa ameonyesha namna vitu vinavyovutana mbinguni. Kama viko viwili tu, jua na dunia kwa mufano, hesabu inakwisha vizuri: dunia inazunguka katika njia ya namna ya yai, na tunaweza kusema itakuwa wapi nyuma ya miaka 1000. Lakini weka kitu cha tatu, sawa mwezi. Sasa kila kimoja kinavuta viwili vingine, na kila kuvuta kunabadilisha kuvuta kwingine. Wenye elimu walihangaika na hesabu ile miaka 200. Walitaka kujua: je, jua na sayari zake zitaendelea kuzunguka hivi siku zote? Ao siku moja sayari moja itatupwa mbali, ao kuanguka ndani ya jua?

Watu 12 walituma kazi zao. Poincaré hakujibu swali lote, alichukua vitu vitatu tu, lakini njia zake zilikuwa mupya na zenye nguvu. Alionyesha, kama alivyozani, kwamba mwendo wa vitu vile umetulia. Waamuzi walimupa zawadi. Magazeti ya Ufaransa yalifurahi, na jina lake likaenea.

4. Kosa

Kazi ile ilipaswa kupigwa chapa katika gazeti la Mittag-Leffler, Acta Mathematica. Kijana mumoja wa miaka 25, Lars Edvard Phragmén, alipewa kazi ya kuisoma mbele ya kuchapwa. Mwezi wa 7 mwaka 1889 alikuta mahali ambapo maelezo hayakumutosha, akauliza. Swali lilimufikia Poincaré.

Poincaré alijibu. Lakini katika kufikiri tena juu ya kazi yake, aliona mahali pengine palipo pabaya zaidi. Alikuwa ameamini kwamba njia mbili, moja ya kuondoka na moja ya kurudi, zinaungana vizuri na kuwa njia moja. Haikuwa vile. Na kama haziungani, maneno yake juu ya kutulia yalianguka.

Fikirini hali yake. Zawadi ilikuwa imekwisha tolewa mbele ya watu wote. Gazeti lilikuwa limekwisha chapwa, na nakala zingine zilikuwa mikononi mwa maprofesa wakubwa. Phragmén hakuwa ameona kosa lile, na waamuzi wote watatu hawakuliona. Kama angenyamaza, nani angejua? Lakini mwisho wa mwaka ule Poincaré alimwandikia Mittag-Leffler kumwambia kazi ina kosa na uchapaji usimame.

Tuseme kweli yote. Mittag-Leffler hakutaka habari ienee, juu ya jina la gazeti na la mufalme. Alirudisha nakala zile polepole, mbili hapa, moja pale, na karibu zote ziliharibiwa. Karibu miaka mia ilipita mbele ya watu wengi kujua habari kamili. Gharama ya kuchapa mara ya kwanza aliombwa Poincaré ailipe, naye akalipa krona zaidi ya 3500. Zawadi ilikuwa krona 2500. Fanyeni hesabu wenyewe ya faida yake.

Aliikaa kazi yake upya. Mwaka 1890 ilitoka tena, yenye kurasa 270, na ndani yake alimutaja kijana Phragmén kwa shukrani.

5. Aliona nini?

Katika kazi ile ya pili Poincaré alionyesha kwamba njia zile mbili hazifanyi njia moja. Zinakatana, kisha zinakatana tena, mara zisizo na mwisho, zikijikunja na kujisokota sawa nyuzi za wavu ambao hauna mwisho. Miaka tisa nyuma, katika kitabu chake kikubwa juu ya mwendo wa nyota (kilitoka katika sehemu tatu, 1892, 1893 na 1899), alikiri kwamba hajaribu hata kuchora kitu kile. Na safari hii haikuwa juu ya mukono wake mubaya, maana hakuna mukono unaoweza.

Maana yake ni nini kwetu? Tuchukue mufano wa kwetu. Mvua inanyesha juu ya mugongo wa vilima vilivyo kati ya Semliki na Ituri. Matone mawili yanaanguka karibu karibu. Moja linateremka mashariki: litaingia Semliki, litafika Ziwa Albert, litashuka na Nile mpaka Misri, katika bahari ya Mediterane. Lingine linateremka magaribi: litaingia Ituri, kisha Aruwimi, kisha muto Congo, litatoka katika bahari ya Atlantike. Hakuna lililovunja sheria, maji yote mawili yameshuka tu. Mwanzoni yaliachana kidole kimoja, na mwishoni bara zima liko katikati yao.

Lakini tone linakutana na mugongo ule mara moja tu. Katika mwendo aliouona Poincaré, ni kama kila hatua ina mugongo wake. Wanafunzi wanaweza kujionea na kalamu. Chukua namba kati ya 0 na 1. Izidishe kwa 2. Kama inapita 1, tupa ile 1, ubakize kilicho nyuma ya mukato. Rudia vilevile. Tuanze na 0,300 na tena na 0,301, tofauti ndogo sana:

0,300: 0,600 – 0,200 – 0,400 – 0,800 – 0,600 – 0,200 – 0,400 – 0,800
0,301: 0,602 – 0,204 – 0,408 – 0,816 – 0,632 – 0,264 – 0,528 – 0,056

Hatua nne za kwanza zinafanana sana. Katika hatua ya nane, moja iko 0,800 na ingine iko 0,056. Sheria ni moja, nyepesi, mutoto wa masomo ya chini anaijua. Hakuna bahati ndani yake. Lakini kila hatua inazidisha kosa la mwanzo mara mbili. Hata ukipima mwanzo vizuri zaidi mara kumi, utapata hatua tatu ao nne tu za kuongeza. Mwendo wa namna hii siku hizi unaitwa kaosi, ni kusema machafuko yaliyo na sheria ndani yake.

Mwaka 1908, katika kitabu Science et Méthode, Poincaré alieleza jambo hili kwa watu wote, na alitoa mufano wa hali ya hewa. Kupatwa kwa jua kunahesabiwa miaka mingi mbele, lakini mvua hapana. Sisi tumeona vile. Siku ya Yenga tarehe 3/11/2013 mwezi ulifunika jua, na kivuli chake kilipita kaskazini ya kwetu, mpaka upande wa Pakwach kule Uganda. Wenye hesabu walijua saa na dakika yake miaka mingi mbele. Lakini hakuna aliyeweza kusema mwaka mumoja mbele kama siku ile mawingu yatafunika Mbau. Katika ukubwa wake Poincaré hakuwa mwamini, na aliona ajabu kwamba watu wanaomba mvua lakini hawaombi kupatwa kwa jua. Neno la maombi tunaliacha kwa wachungaji wetu. Tofauti aliyoiona kati ya mambo yale mawili ni ya kweli.

6. Hesabu mbele ya baraza

Poincaré hakukaa katika nyota tu. Mwaka 1894 kapiteni mumoja Muyahudi wa jeshi la Ufaransa, Alfred Dreyfus, alihukumiwa kwamba aliuza siri za inchi yake. Alphonse Bertillon, mutu wa polisi, alileta hesabu za bahati juu ya mwandiko wa barua moja, akidai zinaonyesha ni mukono wa Dreyfus. Namba nyingi zinatisha mutu asiyezijua. Mwaka 1904 Poincaré na maprofesa wenzake Darboux na Appell waliombwa kuzichunguza hesabu zile. Walikuta hazina musingi. Mwaka 1906 baraza kuu lilifuta hukumu, Dreyfus akarudishiwa heshima yake.

7. Kufa kwake, na waliofuata

Mwaka 1908 Poincaré alichaguliwa pia katika Académie française. Mwaka 1912 alipasuliwa na waganga huko Paris. Alionekana kupona, lakini damu iliziba mushipa, akakufa tarehe 17/7/1912, akiwa na miaka 58. Alizikwa Paris, katika makaburi ya Montparnasse. Mwaka uliofuata ndugu yake wa ukoo, Raymond Poincaré, akawa Rais wa Ufaransa.

Kazi yake juu ya machafuko ilikaa miaka mingi ikisomwa na watu wachache. Mwaka 1961, huko Marekani, Edward Lorenz alikuwa anahesabu hali ya hewa kwa kompyuta. Siku moja aliingiza 0,506 pahali pa 0,506127, akizani ni kitu kimoja. Hali ya hewa ya mashini ilianza sawa, kisha ikawa ingine kabisa. Aliandika juu yake mwaka 1963. Na lile swali la mufalme juu ya sayari? Mwaka 1989 Mufaransa Jacques Laskar alionyesha kwamba hata sayari zetu zina machafuko: ukikosea metre 15 katika kusema dunia iko wapi leo, nyuma ya miaka milioni 100 kosa litafika kilometre milioni 150, ni kusema sawa na umbali wote kati ya dunia na jua.

Kuna jambo lingine tena, lenye kupita machafuko. Siku 24 mbele ya Poincaré kufa, tarehe 23/6/1912, mutoto alizaliwa London, jina lake Alan Turing. Mwaka 1936 Turing aliwaza mashini yenye kuandika na kufuta alama kwenye utepe murefu kwa kufuata kanuni chache. Kompyuta zote za leo zinafanya kazi kwa wazo lile. Kisha swali: je, kuna njia moja ya kutazama mashini yoyote na kusema kama siku moja itasimama ao itatembea milele? Turing alionyesha kwamba njia ile haiko, na haitapatikana.

Namna gani mutu anaweza kujua kitu hakitapatikana? Fikiri mulaguzi anayekaa kwenye njia panda ya Mbau. Anajisifu kwamba anajua kila dereva atakwenda wapi, Beni ao Oicha. Dereva mumoja mukaidi anasimama, anauliza: na mimi je? Akiambiwa Beni, anapanda Oicha. Akiambiwa Oicha, anashuka Beni. Mulaguzi hawezi kumupata, hata awe na akili ya namna gani. Turing alionyesha kwamba kama njia ile ingekuwako, ingewezekana kutengeneza mashini kaidi ya namna hii: inabeba ndani yake hesabu za mulaguzi, inasoma jibu juu yake yenyewe, kisha inafanya kinyume. Basi mulaguzi wa mashini zote hawezi kuwa.

Mwaka 1990 Cristopher Moore wa Marekani aliunganisha mambo haya mawili. Alionyesha kwamba hata kitu kimoja kinachotembea kwa sheria chache kinaweza kufanya kazi yote ya mashini ya Turing. Mwaka 2021 Eva Miranda wa Barcelona na wenzake walionyesha vilevile juu ya mwendo wa maji, maji ya hesabu yasiyo na kukwaruzana ndani yake. Katika myendo ya namna ile, swali kama hili, kitu hiki kitafika pale siku moja ao hapana, halina njia moja ya kulikata kwa kila mwanzo.

Tusichanganye mambo haya. Katika kaosi shida yetu ni kupima: hatujui mwanzo vizuri, na kosa linakua. Ukipima vizuri zaidi, unapata siku chache zaidi. Katika maswali ya Turing unapewa mwanzo kamili, bila kosa hata la unywele mumoja, na sheria zote unazijua. Hata vile njia ya kujibu yote haiko.

8. Fundisho kwetu

Ya kwanza: Poincaré alikuwa na sababu zote za kunyamaza. Kama angenyamaza, labda mwingine angeliona jambo lile nyuma ya miaka mingi, lakini si yeye. Tuko na wenzetu wanaokopia katika mutihani, na wengine wanaofuta kosa haraka kusudi mwalimu asilione. Kosa lililofichwa halifundishi mutu kitu. Mbele ya kufuta, rudia hatua zako, utafute mahali ulipopotea.

Ya pili: mutu akija kwako na kusema anajua siku ya mwisho wa dunia, ao anajua kama utapata diplome ukimulipa kwanza, umuulize hesabu zake. Mutume Yakobo aliwaonya zamani wafanya biashara waliojisifu juu ya faida ya mwaka unaokuja. Wenye hesabu wamefika pale pale kwa njia yao.

Ya tatu: mupaka huu si ruhusa ya uvivu. Utabiri wa mvua ya kesho ni muzuri leo kuliko wakati wa babu zetu, juu ya watu waliofahamu kosa linakua kwa mwendo gani na wanapima tena kila siku.

Zoezi kwa wale wa sayansi: mufanye hesabu ya juu kwa 0,3001 pahali pa 0,301. Mutafute hatua ya ngapi namba mbili zinaachana kwa zaidi ya 0,1. Majibu mupelekee mwalimu wa hesabu.